Soda yenye bangi: mambo ambayo sisi wamama tunapaswa kujua



Wengi wetu tuna mutoto, dada ao shemeji anayeishi Kanada ao Marekani. Juma hili tunaongea juu ya kitu kinachouzwa kule, na ambacho kwa macho hakina tofauti na limonadi: kinywaji chenye bangi.

Kanada iliruhusu bangi kwa watu wakubwa tarehe 17/10/2018. Kisha mwaka mumoja ikaruhusu pia vyakula na vinywaji vyenye bangi ndani. Wenye kuuza bia hawakungoja. Katika mwaka 2018, Constellation Brands, inayouza bia ya Corona katika Marekani, ilitangaza kwamba inaweka dola za Kanada miliare 5 katika kampuni ya bangi Canopy Growth.

Katika Marekani, biashara hiyo ilipitia mulango mwingine. Sheria ya kilimo ya 2018 iliruhusu bangi isiyopita asilimia 0.3 ya THC, kile kitu kinacholevya. Kwa majani makavu, asilimia hiyo ni kidogo. Lakini kinywaji ni kizito: asilimia 0.3 ya mukopo wa gramu 355 inapita miligramu 1,000, na miligramu 5 tu zinaweza kumulevya mutu asiyezoea. Jimbo la Minnesota liliweka kipimo katika 2022: miligramu 5 kwa kipimo cha kukunywa mara moja, na mununuzi awe na miaka 21. Mwezi wa 11 mwaka 2025, Marekani ikapitisha sheria mupya inayokaza sana: miligramu 0.4 kwa mukopo muzima, na wauzaji wakapewa mwaka mumoja kabla ianze kutumika.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Hapa kwetu tunajua kasiksi na lutuku. Mutu akikunywa, harufu inamutangaza hata kabla hajaketi. Mukopo huu hautangazi kitu. Unanukia limau ao matunda, na mutoto akiukuta katika frigo, ataufungua kama Fanta. Katika Marekani, watoto wenye umri chini ya miaka 6 walioripotiwa kwamba walikula vyakula vyenye bangi walikuwa 207 katika 2017. Katika 2021 walikuwa 3,054. Mutoto wa namna hiyo anaweza kusinzia sana, kutapika, ao kupumua kwa shida. Apelekwe hospitali mbio, na muganga aambiwe ukweli wote bila haya.

Watu wakubwa nao wananaswa. Bangi inayokunywewa ao kuliwa haipandi mbio kama ile ya kuvuta. Mutu anangoja, haoni kitu, anaongeza ingine, kisha zote mbili zinamupanda pamoja. Akichanganya na bia, ni mubaya zaidi. Na mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha asiguse: THC inamufikia mutoto tumboni, na inapita katika maziwa.

Basi tuwaambie nini watu wetu wa kule? Tusiwatukane, tuwaulize. Wasome mukopo kabla ya kuweka katika frigo. Katika Kanada kuna alama nyekundu yenye pembe 8, yenye jani la bangi na herufi THC. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kuitambua. Kama kuna mutu mukubwa anayekunywa, aifungie mbali na watoto.

Na mutu asitie mukopo huo katika valizi ya kutuletea zawadi. Kanada yenyewe inakataza kutosha bangi katika inchi, na katika Kongo bangi imekatazwa na sheria. Zawadi ya mukopo mumoja inaweza kumufikisha mutu gerezani.

Mama mwenye mutoto ngambo, piga simu juma hili, na umwambie jambo hili moja. Tutaendelea kuliongea katika mukutano wetu.