Begi la Likizo ya Noeli: Tusipakie Zawadi Tu



Desemba inapokaribia, barabara ya kuja Kagera hujaa. Watoto wetu walioko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza huomba likizo, wajukuu hufunga shule, na wote huja kula Noeli na wazee. Ni desturi njema, na sisi wa Bukoba na Muleba tunajulikana kwayo kila mahali.

Kila anayekuja hufunga begi. Likifunguliwa hapa nyumbani hutoka khanga ya bibi, shati la babu, mchele, sukari na nguo mpya za watoto za sikukuu. Ni nadra kutoka chandarua. Matokeo yake tunayaona mwezi wa Januari, wakati wajukuu waliokuja wakicheka wanapolazwa wakiwa na homa kali. Kwa hiyo mwezi huu tunazungumzia begi la msafiri. Ninyi mlioko nyumbani, tunawaomba muwapigie simu wanenu na kuwasomea haya kabla safari haijaanza.

MTOTO WA MJINI NI MGENI WA MALARIA

Wazee wengi hudhani kwamba mjukuu ni mtoto wa hapa, kwa kuwa damu yake ni ya hapa. Mbu hajui ukoo. Mtu anayeishi mahali penye malaria na kuugua mara kwa mara hujijengea kinga kiasi fulani. Akiugua, mara nyingi haugui vibaya kama asiyeizoea. Mtoto aliyezaliwa na kukulia sehemu yenye malaria kidogo hana kinga hiyo. Hata baba yake aliyekulia Kamachumu au Kanyigo, akikaa mbali miaka mingi, kinga yake hupungua.

Mkoa wa Kagera bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mvua za vuli huwaongezea mbu mazalio. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupakiwa ni chandarua chenye dawa, kimoja kwa kila kitanda au mkeka watakaolalia wageni. Tunajua hali ilivyo: nyumba ya vyumba vitatu inapokea watu kumi na watano, watoto wanalala sebuleni, na vyandarua vya nyumbani havitoshi. Bibi humvulia mjukuu chandarua chake, yeye akabaki bila kinga.

Wilaya ya Muleba ina neno la kuifundisha dunia katika jambo hili. Mbu wa huku walikuwa wamezoea dawa ya vyandarua vya kawaida. Kuanzia mwaka 2014 watafiti walijaribu katika vijiji vya Muleba vyandarua vilivyoongezewa kemikali iitwayo PBO, ambayo huvunja usugu wa mbu. Watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo walipatwa na malaria kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali vyandarua vya aina hiyo vitumike, na ushahidi wa Muleba ulichangia sana. Basi anayenunua chandarua mjini aulize kama kina PBO. Kilichotoboka kishonwe kabla ya kupakiwa.

HOMA IKIINGIA

Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, akapimwe damu. Tusimpe vidonge vilivyobaki kabatini tangu mwaka jana. Dawa mseto imeezwe kwa dozi kamili, hata kama mtoto ameamka anacheza. Huko Karagwe watafiti wamekuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Dozi kamili ya dawa mseto bado inaponya, lakini nusu dozi huvipa vimelea nafasi ya kuwa sugu zaidi.

Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akilala bila kuamshika, au viganja vyake vikiwa vyeupe, hiyo ni hatari. Asisubiri Misa iishe wala wageni waondoke. Wenyeji waulizane mapema: usiku wa manane tukihitaji hospitali, je, ni Rubya, Kagondo, Ndolage au Bukoba mjini? Na nani ana usafiri? Namba yake iandikwe ukutani.

Malaria hujificha pia. Mbu aliyemuuma mtoto siku ya Noeli anaweza kuleta homa baada ya wiki moja au mbili, pengine zaidi, wakati familia imekwisha kurudi mjini na shule zimefunguliwa. Wazazi wamwambie daktari wa huko: "Tulikuwa Kagera." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha.

DAWA ZA KILA SIKU

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba ni karibu kilometa 1,400. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa au pumu asiweke dawa zake kwenye begi linalokwenda buti. Begi likipotea au basi likiharibika njiani, dawa hazipatikani. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, za kutosha siku zote za likizo na wiki moja ya ziada. Mwenye insulini aikinge na jua na joto la gari. Nyumbani kusipokuwa na jokofu, chupa iwekwe ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, kisha chombo kielee katika mtungi wa maji baridi.

Kuna dawa nyingine ambazo watu huziacha makusudi. Mkoa wetu ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na familia nyingi zinakumbuka miaka iliyofuata. Leo anayemeza ARV kila siku huishi na kufanya kazi kama wengine. Lakini wapo wanaoziacha mjini kwa kuogopa macho ya shemeji na wakwe, wakijiambia kwamba wiki tatu si kitu. Wiki tatu ni nyingi: virusi huongezeka na dawa zinaweza kushindwa. Mgonjwa amweleze mhudumu wa kliniki siku atakazokuwa safarini, apewe dawa za kutosha, achukue na kadi yake. Nasi wenyeji tuna wajibu wetu: tusipekue mkoba wa mgeni, wala tusimwulize anameza nini.

BARIDI NA MVUA

Mtoto wa Dar es Salaam hufika na fulana na kaptula. Bukoba ipo zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ziwa, na mvua yake si ya mchezo. Apakiwe sweta, soksi, viatu vya kufunika vidole na koti la mvua.

Mwenye selimundu aangaliwe zaidi. Baridi, kiu na malaria vyote huweza kumwamshia maumivu makali. Nguo zake za joto, dawa zake na chupa yake ya maji visisahauliwe, na bibi aambiwe mapema kwamba huyu hanyeshewi mvua wala haachwi siku nzima bila kunywa maji.

TUMBO, ZIWA NA MAPANGO

Sikukuu ina vyakula vingi vinavyopikwa asubuhi na kuliwa jioni. Katika begi ziwemo pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto akiharisha anyweshwe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na zinki kwa siku kumi, hata kama kuharisha kumekoma. Akiharisha damu au macho yakididimia, apelekwe zahanati. Maji ya kunywa yachemshwe, ya mgeni na ya mwenyeji.

Ziwani, watoto wasioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Aliyekwisha kuoga humo apimwe. Dawa yake ipo. Wanaovuka kwenda visiwa vya Muleba wavae majaketi ya kuokolea maisha, watoto kwa wakubwa. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, hakuna mtu wa Kagera anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Vijana wanaopenda kutembelea mapango wakumbushwe kwamba popo wa mapangoni hubeba virusi vya Marburg. Ugonjwa huo uliua watu Bukoba Vijijini mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Milipuko yote miwili ilikwisha, lakini popo wapo. Ndoo ya maji na sabuni mlangoni iendelee kukaa, hasa kwenye misiba na sherehe.

ORODHA YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Chandarua chenye dawa kwa kila mahali pa kulala.
2. Dawa za kila siku na wiki moja ya ziada, mkobani.
3. Kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya mama mjamzito na kadi ya bima.
4. ORS, zinki, parasetamoli, bandeji na sabuni.
5. Sweta, soksi, viatu vya kufunika na koti la mvua.
6. Tochi, na namba ya simu ya mwenye usafiri.

Vyote hivi havijazi hata nusu ya begi. Sukari na mchele vinapatikana Muleba, Kemondo na Bukoba mjini. Vinaweza kununuliwa baada ya kufika. Bibi na babu hawatakosa furaha khanga ikipungua moja. Furaha yao ni kuwasindikiza wajukuu stendi mwezi wa Januari wakiwa wazima, na kupokea simu yao kwamba wamefika salama.

Tunawatakia maandalizi mema na safari njema.