Dakika Mbili za Khedive Ismail

Nilikwenda kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, nikitafuta kaburi la mtu mwingine. Sikulipata. Nikiwa natoka, nilisimama mbele ya mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia ambao makaburi yao hayajulikani. Macho yangu yalifika kwenye kikosi cha mizinga, yakanasa hapo. Majina yalikuwa mengi mno.

Jambo hilo lilinikaa kooni kwa siku kadhaa. Mpiga mzinga hukaa nyuma ya wenzake wenye bunduki. Akifa, aghalabu hufia kando ya mzinga wake, na waliobaki humzika hapo hapo. Hawa walikosaje kaburi, na kwa wingi ule?

Jibu ni kwamba wengi wao hawakufika vitani. Walizama Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldives, alasiri ya tarehe 12 Februari 1944, wakiwa ndani ya meli ya abiria iliyoitwa Khedive Ismail. Waliipandia hapa kwetu, bandari ya Kilindini, Mombasa.

Meli hiyo haikuundwa kwa vita. Ilijengwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, ikapewa jina la Aconcagua, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kusini; ilikuwa ya kampuni ya Chile. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliirudisha mikononi mwa walioijenga. Mwaka 1935 ikauzwa Misri na kubatizwa jina la Khedive Ismail, yule mtawala ambaye mfereji wa Suez ulifunguliwa zamani zake. Mwaka 1940 Waingereza wakaichukua kubebea askari. Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kutoka Kilindini kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakielekea vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa kivita, wauguzi na wanawake wengine wa jeshini. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Nilizisoma hesabu hizo mara nyingi, lakini jambo moja lilinishinda kulielewa: meli ile ilipigwa torpido mbili, ikatoweka kwa takriban dakika mbili tu. Meli yenye tani zaidi ya 7,500 hutowekaje kwa dakika mbili?

Nilikwenda Mombasa kumuuliza mtu wa kazi. Ni mzee wa Mji wa Kale aliyeanza akiwa kijana wa deki kwenye meli za abiria zilizokuwa zikipiga njia ya Bombay, akapanda hadi kuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Aliniomba nisiliandike jina lake. Viganja vyake vina makovu ya kamba, meupe, yaliyokatiza vidole kama mistari ya daftari. Nilimkuta barazani baada ya swala ya alasiri.

“Meli ya abiria ni nyumba, mwanangu,” alianza. “Ina ngazi, ina vishoroba, ina milango kila upande. Baharia huzijua njia zake hata gizani. Abiria anaijua njia moja tu, ile aliyoingilia.”

Nikamwambia habari ya zile dakika mbili. Alinyamaza, kisha akanishika mkono na kuigeuza saa yangu juu.

“Tazama mshale. Usiseme neno.”

Nilitazama. Muuza kahawa alikuwa amefika mbele yetu. Aliliweka dele chini, akasuuza vikombe viwili kwenye ndoo, akavikung'uta, akamimina, akampa mzee, akanipa mimi. Paka alitoka chini ya mkokoteni, akanyoosha mgongo, akavuka njia polepole. Mama mmoja aliyejifunga leso alimwita mwanawe dirishani, mtoto akaitika, mama akaita tena. Nilipoonja kahawa ilikuwa bado inaunguza ulimi.

“Ngapi?” akauliza.

“Dakika moja na nusu.”

“Basi imebaki nusu. Na wewe bado umekaa, kikombe mkononi. Askari wa chini hapo ndipo ameshajua kwamba kishindo kile si mchezo. Anatafuta kiatu. Anatafuta mwenziwe.”

Alinieleza yaliyobaki kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Alikilaza kiganja kimoja kama sitaha, akakiinamisha. Torpido ikipasua ubavu, alisema, maji hayaingii kama ya bomba la nyumbani. Huingia kama ukuta unaotembea. Uzito wote unahamia upande mmoja. Taa zinazima. “Meli ikilala ubavu, ngazi inakuwa ukuta, na ukuta unakuwa sakafu. Mlango uliokuwa mbele yako sasa uko juu ya kichwa chako, na mlango wa chuma ni mzito. Nani ataufungua? Wale vijana wengi ni watu wa bara. Pengine siku waliyoiona bahari ni siku hiyo waliyopanda meli. Mzinga walifundishwa. Je, kutoka ndani ya meli iliyozimika taa walifundishwa na nani?”

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia jingine ninalolijua: kwamba saa ile wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Ukumbi wa meli ya abiria ndiyo fahari yake, alisema, hupambwa mbao na vioo na zulia. “Na vyote hivyo ukigeuza vinakuangukia.”

Lililofuata baada ya zile dakika mbili ni gumu zaidi kuliandika. Meli nyingine zilizokuwa nayo katika msafara mmoja zilitawanyika ili nazo zisipigwe. Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, zilibaki. Paladin ilishusha mashua kuokoa watu waliokuwa wakielea katikati ya mbao na mafuta. Lakini nyambizi ya Wajapani iliyoipiga Khedive Ismail, I-27, ilikuwa bado iko chini yao. Ikiachwa, ingeweza kuzamisha meli nyingine zilizojaa askari. Petard ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Baadhi yao waliuawa na mabomu hayo ya upande wao. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa hadi ikazamishwa kwa torpido.

“Mzee, ungekuwa wewe ndiye nahodha?”

Alikunywa kahawa hadi machicha. “Sijui,” alisema. “Na usimwamini atakayekwambia anajua. Nahodha yule alihesabu watu wa majini, akahesabu na watu wa zile meli zilizokwisha kwenda. Hesabu huenda ilikuwa sahihi. Lakini mtu si hesabu. Aliyekuwa akielea pale, akaiona manowari ya kwao inamjia, akadhani imekuja kumwokoa... huyo utamwambia nini?”

Swali hilo naliacha kama alivyoliacha yeye.

Tuligeukia meli alizozijua mwenyewe. Udogoni mwake zilikuwa zikifunga gati Kilindini Kenya Castle, Rhodesia Castle na Braemar Castle, ndugu watatu waliozaliwa Belfast kwa ajili ya safari za kuizunguka Afrika. Ndege zilipoanza kubeba abiria, kila mmoja akapata hatima yake. Braemar Castle ilikatwa mwaka 1966, Rhodesia Castle mwaka 1967. Kenya Castle ilinunuliwa na Wagiriki, ikaitwa Amerikanis, ikatalii bahari za watu hadi ilipokwenda kukatwa Alang, India, mwaka 2001. Uganda, iliyokuwa ikileta abiria kutoka London, iliishia kuwa hospitali katika vita vya Falklands mwaka 1982. Miaka minne baadaye, ikisubiri kukatwa Taiwan, tufani iliitupa ufukweni na kuilaza ubavu. Mbali na huku, Queen Mary imekuwa hoteli Long Beach, Marekani, na Queen Elizabeth 2 ni hoteli Dubai. Watu hulipa fedha kulala ndani yake.

“Hata iliyokatwa haikupotea,” mzee alisema. “Chuma chake kinayeyushwa, kinakuwa nondo, kinasimamisha nyumba ya mtu. Na ile ya hoteli inapigwa rangi kila mwaka. Hii yenu ya kwenye karatasi nani anaipiga rangi?”

Neno hilo limenifuata hadi leo. Majina ya wengine tumeyalinda kwa filamu na nyimbo. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukusimulia Titanic. Khedive Ismail ilipoteza watu 1,297, wakiwemo wanawake 77, na ilipakia shehena yake ya mwisho katika bandari yetu wenyewe. Wazee wetu walikwenda katika vita visivyo vyao, wakafa kabla ya kukiona walichotumwa kupigana nacho. Kama wangezama na matajiri, tungewajua.

Mzee ana ombi moja: pawe na kibao gatini Kilindini chenye jina la meli na tarehe, basi. Langu ni kwako msomaji. Ikiwa katika ukoo wenu yuko babu aliyechukuliwa na jeshi la mizinga na asirudi baada ya mwanzo wa 1944, waulize wazee kabla hawajaondoka. Liandike jina lake kama lilivyotamkwa nyumbani. Kisha nenda Barabara ya Ngong ukalitafute kwenye mnara. Kuingia hakulipiwi.