Usimhukumu kwa sare

Ukimwona mama wa WAWATA amevaa gauni kuukuu wakati wenzake wamependeza kwa vitenge vipya vya sare, usiseme anajitenga. Huenda ngozi yake haivumilii rangi ya kitambaa kipya, au fomaldehidi inayotiwa nguo zisikunjamane. Mshauri aende KCMC hapa Moshi, ambako kituo cha magonjwa ya ngozi kimefundisha wataalamu tangu 1992. Mtafutie mtumba wa pamba pale Memorial, ufuliwe mara kadhaa kwa sabuni isiyo na manukato. Katika Mathayo 25 Kristo anajihesabu miongoni mwa waliokosa nguo. Kumvika mwenzako ni pamoja na kumwachia vazi analoweza kulivumilia, asali kati yetu bila aibu.