Mwaka wa Kutumikia: Kutoka Keroka Hadi Mukuru

Kijana wa Keroka anapofunga mizigo kwenda Nairobi, wazee humwuliza maswali mawili: unakwenda kwa nani, na utalipwa ngapi? Ni maswali ya haki. Kwetu Gusii mtu haendi ugenini bila mwenyeji, wala hatoi jasho lake bila kujua bei. Lakini anayekwenda kulitumikia kanisa kwa mwaka mmoja hana jibu la swali la kwanza wala la pili. Haendi kwa mjomba wala kwa shangazi, na ujira wake ni chakula, mahali pa kulala na nauli ya basi. Mwaka 1993 nilipotangaza kwamba nakwenda Mukuru kufundisha watoto kusoma, baba yangu mdogo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi unakwenda kuwa mtoto wa kila mtu." Hakusema kwa furaha.

Utumishi wa namna hii si jambo geni nchini. Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Wasabato wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Nairobi nako, mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianzisha Starehe katika vibanda viwili vya bati ili wavulana wasio na makao wapate shule. Mwaka 1973 Padre Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha chama cha Undugu kwa ajili ya watoto waliolala barabarani. Zamani mtumishi alitoka misheni akaenda kijijini. Siku hizi hutoka kijijini akaenda mjini, kwa kuwa shida nyingi zimehamia huko pamoja na watu.

Mji usiosalimu

Msomaji asiyeifahamu Keroka aelewe kwamba ni mji wa mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira, katika barabara iendayo Sotik. Ni mji wa soko, wenye kelele zake. Hata hivyo, kumpita mzee asubuhi bila kumwambia "Bwakire" ni kumtukana yeye pamoja na mama aliyekulea.

Mukuru nilikuta jambo jingine. Kabla jua halijachomoza, watu kwa mamia walipita mbele ya chumba changu wakienda Industrial Area, na hakuna aliyemtazama mwenziwe. Nilisalimu, nikajibiwa na viatu. Nilimwuliza mama muuza sukuma wiki, jirani yangu, kama watu hawa wamekosana.

"Mwanangu," alinijibu huku akikatakata mboga zake, "wengi wao ni vibarua. Wanasimama getini, msimamizi anachagua kumi, wengine wanarudi na njaa yao. Asiyekusalimu asubuhi mwombee afike mapema. Jioni atakusalimu."

Kweli, jioni walisalimu, hasa wale waliochaguliwa. Hapo nikapata somo la kwanza: ukimya wa mjini si lazima uwe kiburi. Mara nyingi ni hesabu ya dakika.

Kijiko cha mafuta

Somo la pili lilikuwa la jikoni. Nyumbani tulichimba viazi na kukata ndizi shambani, tukachota maji kisimani bila kumlipa mtu. Mukuru maji yalinunuliwa kwa mtungi. Unga ulipimwa kwa gorogoro au nusu yake, mafuta ya kupikia kwa kijiko, na mafuta ya taa kwa kikopo kidogo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na ukijumlisha vile vijiko vya mwezi mzima utaona kwamba maskini amelipa zaidi ya tajiri anayenunua mkebe mzima.

Mwaka ule ulikuwa mgumu kwa nchi nzima, maana bei za vitu zilipanda kwa kasi ya kutisha. Darasani tuliuona ugumu huo kabla ya kuusoma magazetini. Watoto wakubwa walianza kukosa masomo, wakaenda kuchota maji ya kuuza au kuokota vyuma chakavu. Wadogo walikuja, lakini ifikapo saa nne walilaza vichwa juu ya dawati. Kanisa lilipoanza kupika uji wa wimbi, darasa likajaa tena. Mimi niliwafundisha Kiswahili cha vitabuni, nao wakanifundisha Sheng, lugha iliyochipuka katika mitaa ya Eastlands. Wao walikuwa walimu wenye subira kunishinda.

Daftari la matanga

Hata hivyo, upweke ulikuwapo. Mvua za masika ziliponyesha, bati liliunguruma usiku kucha na njia zikawa tope tupu. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu nauli ya kurudi Keroka, nikaiweka chini ya godoro.

Ndipo alipofariki jirani mmoja, mfanyakazi wa kiwandani, mtu wa magharibi ya mbali. Katika ploti yetu hakuwa na ndugu hata mmoja. Jioni ile wapangaji waliwasha moto uani: Wakamba, Waluhya, Wajaluo na sisi Wakisii. Wakaketi usiku wa kwanza na wa pili. Lilinunuliwa daftari la shule, nami nikaitwa, "Mwalimu, njoo uandike, mkono wako unasomeka." Nikaandika majina na michango: shilingi kumi, shilingi tano, pakiti ya majani ya chai. Yule mama wa sukuma wiki alitoa mauzo ya siku nzima. Hakuna aliyeuliza marehemu alisali Jumamosi au Jumapili. Siku ya nne mwili ulisafirishwa kwao, na watu wawili wakausindikiza.

Nauli yangu iliingia katika daftari lile. Na kwa kuliandika nikayajua majina ya jirani zangu wote, jambo ambalo salamu zangu za alfajiri hazikuweza kunipa.

Kwetu tuna egesangio: majirani hulima shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, na kila mtu hukumbuka ni zamu ya nani. Wengi husema desturi kama hizo hufa mtu akishapanda basi. Mimi niliiona Mukuru, ila jembe lilikuwa limegeuka shilingi, na kumbukumbu ya wazee ilikuwa imegeuka daftari.

La kuwaambia wanaotuma

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi, wakati Nyamira nzima ilikuwa na 605,576. Kijana anayetoka milimani kwetu anaingia katika bahari. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, michango ya msiba hupita simuni, na vijana huzungumza na mama zao kila jioni. Ni jambo jema, lakini simu haiwezi kuketi uani usiku wa pili.

Kwa hiyo makanisa yanayowatuma vijana yasitosheke na kuwaombea na kuwapungia mkono kituoni. Yawape kazi iliyo wazi, chumba chenye kufuli, fedha za kutosha chakula cha mwezi, na mzee mmoja wa mtaa ambaye kijana anaweza kumbishia mlango usiku akiugua. Bila hayo, utumishi hugeuka adhabu, na kijana hurudi amechoka na imani yake pia. Naye kijana asikae kanisani tu akingojea kupendwa. Akisikia kwamba ploti ina msiba, atoke, aketi na wenzake, na aombe kalamu.