Chombo Kipandapo Barabara: Uchaguzi wa Vihimili vya Tela la Boti ya Maboya

Chombo kinapoelea, maji hukigusa kila mahali palipozama na kukiinua kwa pamoja, bila kubagua sehemu hii wala ile. Nchi kavu haina tabia hiyo. Mara chombo kitolewapo majini na kulazwa juu ya tela, uzito wake uliokuwa umeenea hukusanyika mahali pachache. Je, mahali hapo pawe wapi, na pawe pa namna gani? Swali hili huonekana kuwa la fundi peke yake, lakini jibu lake limo katika mambo ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa: kanieneo, momenti za kani na kitovu cha uzito. Tena ni swali linalogusa uhai. Boya lililopasuka kwa sababu ya kihimili kibaya halionekani kwa urahisi barabarani. Huonekana boti ikiwa imekwisha kufika katikati ya ziwa pamoja na watu waliomo.

Ujuzi wa wazee na mifano ya historia

Watu wa pwani walilijibu swali hili zamani. Chombo kinapopwelewa, yaani maji yanapokupwa na kukiacha juu ya mchanga, mabaharia hukitilia gadi, nayo ni miti ya kukiegemeza mbavuni kisije kikalala upande. Gadi haziwekwi ovyo. Huelekezwa penye mataruma, zile mbao za ndani zilizo kama mbavu za chombo, kwa kuwa ubao mtupu ulio kati ya taruma na taruma waweza kubonyea au kupasuka.

Huku bara, Ziwa Tanganyika limetuachia mifano miwili mikubwa. Meli iitwayo Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, haikubebwa nzima. Ilifunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, kisha ikaundwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Baadaye ndiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Mwaka huohuo wa 1915 Waingereza walifuata njia nyingine. Boti zao mbili, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, zilisafirishwa nzima kwa reli kutoka Cape Town hadi Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo zilivutwa juu ya vitanda vyenye magurudumu, kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, zikavuka milima ya Mitumba. Anayekifungua chombo vipandevipande huliepuka swali la vihimili. Anayekibeba kizima hana budi kulijibu.

Boti ya mfano wetu

Wengi wetu tunaijua pantoni ya Kigamboni inayovusha watu na magari. Boti tunayoizungumzia hapa ni ndogo sana kuliko hiyo: ni sitaha iliyowekwa juu ya maboya mawili ya aluminiamu yenye umbo la mcheduara, yaliyo matupu ndani na kuzibwa pande zote.

Tuseme kwamba shule moja iliyo karibu na Tengeru, mashariki ya Jiji la Arusha, inayo boti kama hiyo, ili wanafunzi wapime kina na joto la maji katika Ziwa Duluti, ziwa la kasoko lisilo mbali na barabara kuu ya Moshi. Mara mojamoja boti hupelekwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Arusha, ambayo hushuka kutoka mwinuko wa mita 1,400 hivi hadi mita 700 hivi. Shule hii ni ya kubuni, lakini hesabu zake ni zilezile atakazozikuta mwenye boti ya kweli.

Maboya yana urefu wa mita 6 na kipenyo cha sentimita 60. Boti ilipotoka kwa waliyoitengeneza ilikuwa na kilo 720, na kitovu cha uzito wake kilikuwa katikati, yaani mita 3 kutoka ncha ya mbele. Baadaye ikabadilishwa. Ilifungwa injini ya kilo 120 nyuma kabisa, na sanduku la betri, mafuta na vyombo vya kupimia lenye kilo 160, mita 4.5 kutoka mbele. Sasa boti ina kilo 1,000. Tela lililoifaa zamani laweza lisiifae tena, kama tutakavyoona.

Kanieneo: maji dhidi ya kihimili

Ikiwa majini, boti hii ya kilo 1,000 huzama kiasi cha sentimita 20. Kwa kuwa kanieneo ya maji huongezeka kwa nyutoni 10,000 hivi kwa kila mita ya mraba kila tushukapo mita moja, mahali palipozama zaidi hupata nyutoni 2,000 tu kwa mita ya mraba. Hicho ndicho kiasi ambacho boya limezoea kukistahimili.

Sasa tuiweke boti juu ya vipande vinne vya mbao, kila kimoja kikiwa na uso wa sentimita 10 kwa 10. Eneo lote ni mita za mraba 0.04. Uzito wa nyutoni 10,000 ukigawanywa kwa eneo hilo, tunapata nyutoni 250,000 kwa mita ya mraba, ambayo ni mara 125 ya ile ya majini. Na hapo tela limesimama. Gurudumu likitumbukia katika shimo, mzigo ushukao kwa ghafla waweza kuleta mkazo maradufu au kupita hapo. Bati la boya hubonyea, na penye ulehemu hutokea ufa mwembamba kama unywele.

Aina za vihimili

Vihimili vya tela la boti ni vya aina tatu hasa.

Aina ya kwanza ni vigurudumu vya mpira ambavyo boti huviringika juu yake. Hurahisisha kuishusha na kuipandisha, na huifaa boti yenye mkuku imara. Lakini kila kigurudumu hugusa mahali padogo sana, kwa hiyo kwa boya la bati jembamba kasoro yake ni ileile ya vipande vya mbao.

Aina ya pili ni fremu nyembamba inayoingia kati ya maboya na kuinua sitaha kutoka chini. Maboya hupumzika, lakini boti hukaa juu zaidi na tela huwa jembamba. Kitovu cha uzito kikipanda na nafasi kati ya magurudumu ikipungua, tela huwa jepesi kupinduka, hasa katika njia za miteremko ya Mlima Meru ambazo aghalabu huinama upande mmoja.

Aina ya tatu ni boriti ndefu za kulalia, ziendazo sambamba na maboya. Kila boya huwekewa boriti mbili zinazoelekeana, nalo hulala katikati kama mtoto katika mbeleko. Tukitumia boriti nne zenye urefu wa mita 5 na uso wa sentimita 10, eneo lake ni mita za mraba 2, na kanieneo hushuka hadi nyutoni 5,000 hivi kwa mita ya mraba. Lakini tahadhari: ubao mnyoofu hugusa mcheduara katika mstari mwembamba tu. Hapana budi uso wa boriti uchongwe kufuata mviringo wa boya, au uwekewe mpira mnene. Hata eneo linalogusa likiwa robo tu ya tulilolihesabu, kanieneo itakuwa nyutoni 20,000, ambayo bado ni chini ya moja ya kumi ya ile ya vipande vya mbao.

Kwa boti yetu, basi, aina ya tatu ndiyo ifaayo. Yako mambo mawili zaidi ya kuangaliwa. Kwanza, boriti zifike hadi nyuma kabisa. Zikikoma mita moja kabla ya injini, uzito wa nyutoni 1,200 utaning'inia na kuleta momenti ya nyutoni-mita 1,200, itakayoyakunja maboya kila tela lirukapo. Pili, ikiwa katika mabadiliko boti imeongezewa boya la tatu katikati, nalo lipewe vihimili vyake, na vimo vyote vipimwe kwa uzi. Boriti moja ikizidi nyingine kimo kwa sentimita mbili tu, boya moja laweza kubeba mzigo wa wenziwe.

Somo la gari la punda

Ama kuhusu mahali pa kuilaza boti juu ya tela, mwalimu mzuri ni gari la punda lionekanalo katika masoko mengi ya Arusha. Mizigo ikirundikwa mbele ya ekseli, mgongo wa punda huelemewa. Ikirundikwa nyuma, miti ya gari huinuka na kumnyanyua mnyama. Mwenye gari hupanga magunia hata punda abebe kiasi kidogo tu. Gari na tela hufuata sheria hiyohiyo. Mafundi wengi hupendekeza kwamba kiungo cha kuvutia kibebe asilimia 10 hadi 15 ya mzigo.

Tuseme ekseli ya tela iko mita 5 nyuma ya kiungo, na ncha ya boti iko mita 1.5 nyuma ya kiungo. Uzito wa tela lenyewe tuuache kwa sasa. Kabla ya mabadiliko, kitovu cha uzito wa boti kilikuwa mita 4.5 kutoka kiungoni, yaani nusu mita mbele ya ekseli. Kiungo kilibeba:

720 × 0.5 ÷ 5 = kilo 72

Hiyo ni asilimia 10 kamili. Je, baada ya mabadiliko? Kitovu kipya, kikipimwa kutoka ncha ya boti, ni:

(720 × 3 + 120 × 6 + 160 × 4.5) ÷ 1,000 = mita 3.6

Kutoka kiungoni ni mita 5.1, yaani sentimita 10 nyuma ya ekseli. Sasa kiungo hakibebi kitu. Kinavutwa juu kwa kilo 20. Tela la namna hii hupunguza mshiko wa magurudumu ya nyuma ya gari linalolivuta, na mwendo ukizidi huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Katika mteremko, dereva akanyagapo breki, tela humsukuma, na kuyumba huko huweza kumshinda nguvu.

Tiba yake ni rahisi kuliko ugonjwa. Boti ikisogezwa mbele sentimita 60, kitovu hurudi mita 4.5 kutoka kiungoni, na kiungo hubeba kilo 100, ambayo ni asilimia 10 ya mzigo mpya. Ila ihakikishwe kwamba pembe za sitaha hazitaligonga gari linapokata kona. Ikiwa nafasi haitoshi, ekseli na irudishwe nyuma.

Mtu asibahatishe kitovu cha uzito kwa macho. Ncha mbili za kila boya ziegemezwe kwa muda mfupi, juu ya ubao mpana, kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa yenye uwezo wa kutosha. Katika boti yetu, mizani mbili za mbele zingeonyesha kilo 200 kila moja, na za nyuma kilo 300 kila moja. Uzito wa nyuma, kilo 600, ukizidishwa kwa mita 6 na kugawanywa kwa 1,000, tunapata mita 3.6, sawa na hesabu ya kwanza.

Mbao, dawa na maji ya magadi

Mbao za misaipresi na misindano zipatikanazo Arusha zafaa kwa boriti, lakini zikikaa na unyevu huoza. Wengine hutumia mbao zilizotiwa dawa kama nguzo za umeme. Hapo kemia huingia. Dawa nyingi za namna hiyo zina shaba, na shaba iliyolowa ikikutana na aluminiamu, aluminiamu ndiyo iliwayo. Zulia lililofunika boriti likibaki majimaji, matundu madogo hutokea kwenye boya mahali ambapo jicho halifiki. Afadhali kutumia mbao isiyo na dawa ya shaba na kuibadilisha mara kwa mara, au kuweka mpira katikati.

Maji ya magadi pia, kama yale ya maziwa ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, huondoa ngozi nyembamba ya oksidi inayoikinga aluminiamu. Boti iliyoelea katika maji ya namna hiyo ioshwe kwa maji baridi, pamoja na boriti zake, kabla ya kuegeshwa.

Jaribio la darasani

Chukua chupa mbili tupu za maji, za plastiki laini, zilizofungwa vizuri. Zilaze sambamba, weka kipande cha ubao juu yake, kisha mawe ya kilo mbili. Kwanza ziegemeze juu ya penseli nne zilizolazwa kukingama, mbili kwa kila chupa, na uangalie chupa zinavyobonyea. Kisha ziegemeze juu ya rula zilizolazwa kwa urefu na kufunikwa kwa kitambaa kilichokunjwa. Mwisho, sogeza mawe nyuma na urudie. Andika ulichokiona, na ueleze sababu kwa kutumia neno kanieneo.

Chuo cha Ufundi Arusha kilichofunguliwa mwaka 1978, kituo cha CAMARTEC kilichoundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini, na karakana nyingi za mjini ni ushahidi kwamba mikono ya kuunda tela tunayo. Kinachotakiwa ni fundi apewe vipimo sahihi. Kila kitu kinapoongezwa juu ya boti, iwe injini, sanduku au paa la kivuli, boti ipimwe upya, na vihimili vichaguliwe kwa kuifuata boti ilivyo leo, si ilivyokuwa siku iliponunuliwa.