Wanafunzi wa sheria na nyumba zilizobaki kwa jina la marehemu

Kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya kusini mwa Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Kuta za kuzuia maji zilipobomoka, kiasi cha asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa na maji. Zaidi ya watu 1,300 walifariki dunia. Picha za watu waliokwama juu ya mapaa tuliziona sote. Taabu iliyofuata maji yalipokauka haikuonyeshwa sana kwenye televisheni, kwani ilikuwa taabu ya makaratasi.

Serikali ilitoa fedha za kujenga upya. Kulikuwa na FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, na baadaye mpango wa jimbo la Louisiana ulioitwa Road Home, ambao mwenye nyumba aliweza kupata hadi dola 150,000. Sharti mojawapo lilikuwa hili: onyesha kuwa nyumba ni yako.

Hapo ndipo maelfu walipokwama. Katika mitaa ya Wamarekani weusi, khasa Lower Ninth Ward, nyumba nyingi zilinunuliwa na babu, zikakaliwa na watoto, kisha wajukuu, na hakuna aliyekwenda mahakamani kufungua mirathi. Kodi ililipwa na paa likatengenezwa, lakini hati ilibaki na jina la marehemu. Sheria ya Louisiana ina asili ya Kifaransa na Kihispania. Mtu akifa bila ya wasia, watoto wake wote wanarithi kwa pamoja, na mjane mara nyingi hubaki na haki ya kukaa na kutumia tu. Vikipita vizazi viwili, nyumba moja inakuwa na wenyewe ishirini, mmoja Chicago, mwengine Houston, mwengine hajulikani alipo. Msomaji mwenye nyumba ya babu Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kazi hii ndiyo waliyoikuta wanafunzi wa sheria. Mwishoni mwa 2005 waliunda mtandao wao, Student Hurricane Network, na kuanzia likizo za 2006 wakamiminika kutoka vyuo mbalimbali vya Marekani. Wengi walitarajia kesi kubwa. Badala yake walijikuta wamekaa na bibi wa watu, karatasi mezani, wakichora ukoo: nani alizaa nani, nani alikufa lini, kuna watoto wa mke wa kwanza? Baada ya hapo ni kutafuta vyeti vya vifo, kuwapigia simu jamaa, na kuandaa hati za kiapo.

Wengine walikwenda magerezani. Kuna watu waliokamatwa kwa makosa madogo kabla ya kimbunga, wakahamishiwa jela za mbali, wakakaa miezi bila ya wakili. Ofisi ya mawakili wa wasiojiweza ilitegemea fedha za faini na ada za mahakama, na mji ulipohamwa fedha hizo zilikatika. Wanafunzi walimhoji mfungwa mmoja mmoja, wakaandika jina, shtaka na tarehe ya kukamatwa.

Mwanafunzi si wakili. Hawezi kusimama mahakamani peke yake, na kila anachokiandika lazima kipitiwe na wakili mwenye leseni. Tena wiki moja ya likizo haimalizi mirathi. Kwa maoni yangu, uzito mkubwa ulibebwa na waliobaki, yaani mawakili wa msaada wa sheria wa pale pale na kliniki za sheria za vyuo vya Tulane na Loyola, ambavyo vyenyewe vilifungwa muhula mzima baada ya mafuriko. Mgeni alifungua jalada, mwenyeji akaliendeleza, na familia nyengine zilisubiri miaka.

Mawakili na watetezi wa familia hizi hawakuacha kulalamikia sharti la hati. Septemba 2021, miaka 16 baada ya Katrina, FEMA ililegeza masharti yake. Aliyerithi nyumba bila ya hati yenye jina lake sasa anaweza kuleta risiti za matengenezo makubwa au barua ya ofisa wa serikali, na akikosa vyote, kuandika na kutia saini tamko lake mwenyewe kuwa nyumba ni yake.