Vitabu Viwili kwa Kila Mji

Desemba ikikaribia, watu huniuliza wabebe kitabu gani wakienda likizo Pwani. Nami huwauliza: Pwani ipi? Anayekwenda Unguja, anayekwenda Lamu na anayekwenda Kilwa wanakwenda sehemu zilizoandikwa kwa namna tofauti kabisa, na kitabu kinachomfaa mmoja chaweza kumchosha mwenzake. Kisha huwauliza watakisoma lini. Wengi hujibu kwamba watakisoma ufukweni. Hapo huwa sikubaliani nao. Kitabu kinachohusu mahali hufaa zaidi kikisomwa wiki mbili tatu kabla ya safari, nyumbani, kichwa kikiwa kimetulia, ili ukifika macho yawe yameshajua pa kutazama. Ufukweni kuna jua, mchanga na watoto wanaoita kila dakika. Huko panafaa kitabu chepesi, na kipo, nitakitaja baadaye.

Nafundisha fasihi ya Kiswahili, na kanuni ninayowapa wanaoniuliza ni kwamba kila mji uchaguliwe vitabu viwili visivyokubaliana. Kitabu kimoja, hata kiwe kizuri vipi, humtuma msomaji aende kutafuta kile tu alichokisoma. Viwili vinavyovutana humlazimisha aangalie mwenyewe na kuamua.

Unguja ndiko maandishi yalikojaa. Anza na kumbukumbu za Seyyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuhamia Hamburg. Huko Ujerumani, kwa jina la Emily Ruete, alitoa mwaka 1886 kitabu alichokiandika kwa Kijerumani, na tafsiri yake ya Kiingereza haina shida kupatikana. Sijui kitabu kingine kinachoingia ndani ya majumba yale kwa kiasi hicho: mavazi, vyakula, wivu baina ya masuria, ndugu waliogombea kiti cha baba yao. Magofu ya Mtoni yapo hadi leo, kando ya bahari, ukitoka mjini kuelekea Bububu. Aliyesoma akisimama pale hujua ua ule ulikuwa na watu wengi kiasi gani.

Lakini Salme ana sura nzima kuhusu utumwa, na ndani yake anautetea. Msomaji asiiruke. Aisome yote, kisha achukue *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978. Humo jumba linatazamwa kutoka jikoni na mashambani. Kijakazi, mtumishi ambaye umri wake wote umekwisha katika kuitumikia nyumba ya bwana wake, Fuad, ndiye anayetufungulia mlango, na riwaya inakwenda mpaka Mapinduzi ya 1964. Vitabu hivi havizungumzii wakati mmoja, kwa kuwa kati ya utoto wa Salme na siku za mwisho za Fuad kuna takriban miaka 100. Hata hivyo ukivisoma kwa kufuatana utaona kwamba kila starehe anayoisimulia binti mfalme ilikuwa na mikono iliyoitayarisha, na mikono hiyo inapata jina katika riwaya ya Shafi. Mgeni anayetembezwa kwenye mashamba ya viungo, akapewa karafuu anuse na majani ya mdalasini atafune, atafaidika sana akikumbuka ni nani aliyekuwa akipanda juu ya mikarafuu hiyo na kwa malipo gani.

Kwa upande wa mji wenyewe, Shafi huyo huyo anatosha. *Kuli*, riwaya ya 1979, inamfuata Rashidi, mbeba mizigo bandarini, mpaka kwenye mgomo wa wafanyakazi wa 1948. *Vuta n'kuvute*, iliyotoka 1999, inamfuata Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza, akatoroka, akapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Watalii wengi hulala Mji Mkongwe, hula Mji Mkongwe, na huondoka wakiamini wameuona mji. Riwaya hii inawavusha. Palipokuwa na mkono wa bahari uliozitenga sehemu hizo mbili sasa ni barabara, kwa sababu maji yale yalifukiwa katika karne ya 20, ila jina la Darajani limebaki. Pita hapo kwa miguu, na uwe unajua kwamba Yasmin alipovuka alikuwa akiacha kabila lake, daraja lake na jina lake jema kwa watu wake. Amil Shivji ameitengenezea filamu, iliyotoka 2021, nayo inafaa kwa mwenzako wa safari asiyependa kusoma.

Wengi wenu mlikutana na *Vuta n'kuvute* darasani mkaisoma kwa ajili ya mtihani, mkatafuta dhamira, wahusika na tamathali, mkajibu maswali, mkaisahau. Nawasihi irudieni. Riwaya iliyosomwa kwa hofu ya alama haijasomwa bado, na ukiwa mtu mzima, bila mwalimu, utakuta humo mapenzi, woga na ucheshi ambao darasani haukupata nafasi.

Lamu inataka ushairi. Hili huwashtua wanaodhani ushairi wa kale ni wa wataalamu, kumbe hakuna njia fupi zaidi ya kuingia visiwa vile. Chukua *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yenye beti zisizofika 100. Mshairi anasimama mbele ya majumba ya Pate yaliyoanguka na kuisemesha nafsi yake: wako wapi waliokuwa wakiishi humu kwa taa, kwa matandiko laini na kwa vyombo vya kauri? Vidaka vya ukutani vilivyokuwa vimepangwa vyombo hivyo sasa vina makinda ya ndege. Ukisha kuisoma, kaingie katika nyumba ya kale ya Lamu mjini iliyofanywa makumbusho, utazame ukuta wa chumba cha ndani uliojaa vidaka vya plasta vilivyochongwa kwa ustadi. Kisha, ukipata boti na siku moja ya ziada, nenda Pate kwenyewe. Pale shairi linakuwa kama taarifa ya mtu aliyepita jana.

Kitabu kinachovutana nalo ni *Utendi wa Mwana Kupona*. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, naye alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Sayyid Abdallah anasema nyumba zote mwisho wake ni magofu, ilhali Mwana Kupona, aliyekuwa mgonjwa alipoutunga, anamfundisha bintiye namna ya kuiweka nyumba hai: adabu, usafi, mume, watumishi, jirani, dua. Kuna mafundisho yake ambayo mwanamke wa leo atayakataa mara moja, na ana haki. Ila ni nadra kupata sauti ya mama wa karne ya 19 akizungumza moja kwa moja na mwanawe, kwa Kiswahili, bila mkalimani. Utahitaji toleo lenye maelezo, kwa sababu Kiamu kina maneno ambayo msomaji wa Dodoma au Nakuru hayajui. Usinunue toleo lenye beti tupu. Na anayetaka Pate ya siku zetu asome *The Dragonfly Sea* ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2019, ambamo msichana wa kisiwa hicho anajikuta akivuka bahari hadi China. Ni kitabu kinene na kinakwenda polepole, kwa hiyo kianze mapema.

Kilwa ndiko ninakokupenda kuliko kote, na ndiko wasafiri wanakojiandaa kwa uchache zaidi. Kilwa Kisiwani, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981 pamoja na Songo Mnara, ina mawe mengi na maelezo machache. Asiyesoma ataona kuta, atapiga picha, atarudi Kilwa Masoko kula samaki. Kinachohitajika ni kurasa chache tu. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba la Husuni Kubwa linahusishwa na utawala wake. Akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Ajabu ni kwamba tafsiri za ukurasa huo hazikubaliani. Moja inasema mji wote ulijengwa kwa mbao na nyumba zikaezekwa kwa nyasi. Nyingine inasema ulijengwa kwa umaridadi, dari zake zikiwa za boriti za mikoko. Na wewe umesimama mbele ya Msikiti Mkuu, wa mawe ya matumbawe na chokaa! Je, msafiri alisahau, mnakili alikosea, au wakubwa waliishi kwenye mawe na watu wengi kwenye miti na majani, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Pwani? Mimi naegemea jibu hilo la mwisho. Beba nakala za tafsiri mbili za ukurasa ule na uzisome papo hapo.

Kuhusu boriti, jambo moja linafaa kujulikana kabla ya kuingia nyumba yoyote ya mawe, iwe Kilwa, Lamu au Unguja. Dari ilishikiliwa na vigogo vya mikoko, na kigogo cha mkoko kinachoweza kubeba dari ya mawe na chokaa kina urefu wenye kikomo. Ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3. Biashara ya miti hiyo imesimuliwa vizuri na Alan Villiers katika *Sons of Sindbad*, kitabu cha 1940. Baharia huyu wa Australia alisafiri katika jahazi la Wakuwait mwaka 1938 na 1939, akashuka kwa upepo wa kaskazi hadi Unguja, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti, wakarudi kwao kwa kusi. Ana dharau za zama zake na zinaudhi. Bado, kwa kazi ya chomboni, njaa, deni la mabaharia na hesabu za nahodha, hana mpinzani. Kwa upande wa mafundi wetu wenyewe, Ahmed Sheikh Nabhany ametunga *Sambo ya Kiwandeo*, utenzi wa 1979 unaoeleza namna chombo kinavyoundwa Lamu tangu mwanzo, na majina ya viungo vyake vyote.

Anayekwenda Bagamoyo asome *Desturi za Wasuaheli* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903: uzazi, harusi, ngoma, uganga, safari za bara, yote kwa Kiswahili cha mtu aliyeyaishi. Kisha asome *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2021. Mtoro anaeleza msafara kama desturi yenye taratibu zake. Gurnah anamweka ndani ya msafara huo mtoto, Yusuf, aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya deni. Msomaji akitoka hapo hataweza tena kuusifu ujasiri wa wafanyabiashara wale bila kuuliza bei ililipwa na nani.

Kwa Mombasa nitasema kifupi: Muyaka bin Haji, katika toleo la Mohamed Abdulaziz la 1979, kwa kuwa mashairi yale yalikuwa majibizano ya siasa na vita, na pasipo maelezo ya nani alikuwa akimjibu nani hayafunguki. Yasome kabla ya kwenda Fort Jesus, ambako maelezo mengi utakayopewa yatakuwa ya Wareno.

Sasa kile cha ufukweni. Chukua Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla mwenye kiko mdomoni. *Mzimu wa Watu wa Kale*, ya 1960, inaanza na maiti mahali pa mizimu na inakwenda kwa mazungumzo ya watu wa Unguja yenye vituko na hila. Ni fupi, inasomeka hata ukikatizwa mara 20, na Kiswahili chake kitakusaidia kuelewa utani wa barazani jioni.

Upatikanaji ndio kikwazo. Riwaya za Shafi na Gurnah zipo katika maduka makubwa ya vitabu Dar es Salaam na Nairobi, na nakala zilizotumika za vitabu vya shule hupatikana kwa wauzaji wa kando ya barabara kwa bei ndogo. Angalia tu kama kurasa zote zipo, hasa za mwisho, kwa maana wanafunzi huzichana. Mtoro, Muyaka, Nabhany na matoleo mazuri ya tenzi ni kazi ya maktaba ya chuo kikuu. Mengi hayaazimishwi nje, kwa hiyo tenga siku nzima ya kukaa na kuandika daftarini, na uende mwezi mmoja kabla ya safari.

Ukiwa na muda wa mji mmoja tu, soma wa mji mmoja tu. Hata nusu ya jozi niliyoitaja hapa, ikisomwa taratibu na ramani ikiwa pembeni, inatosha kwa likizo ya wiki moja, na vilivyobaki ni vya mwaka mwingine.